Gauni la Kijani Halimo kwenye Orodha

Sogeeni karibu, wanangu. Aliyeshika kikombe asikigonge na cha mwenzake, na mwenye simu ainyamazishe, maana habari yenyewe ni ya simu na sipendi isikie inasengenywa. Tulieni kidogo. Kijiwe ni hiki hiki mlichokalia: benchi la mbao lenye mguu mmoja wa tofali, mgongoni ukuta wa duka la dawa, mbele jiko langu na birika, ng'ambo ya barabara kibanda cha fundi cherehani. Asubuhi ile walikuwepo walewale. Redio, mshona viatu, tuliyempa jina hilo kwa sababu hana kitufe cha kuzimia. Hakimu, mlinzi wa duka la dawa, ambaye hajawahi kusikia ugomvi asiutolee hukumu. Na mjukuu wangu, ambaye ofisi yao iko ghorofani juu ya duka la dawa, lakini kazi huja kuimalizia hapa chini, kompyuta magotini, kwa kuwa anasema huko juu kahawa yao ina ladha ya soksi.

Kazi yake nilikuwa nimemwuliza mara nyingi na mara nyingi alikuwa amenieleza bila kuchoka. "Bibi, kuna mashine za akili bandia zinazowafanyia watu kazi. Tunaiita wakala. Unaiambia mambo yako, inayaweka, kisha inawajibu wateja kwa niaba yako. Sasa ofisini wametengeneza zana: ukiibonyeza, inakuorodheshea yote wakala anayoyakumbuka. Mimi naijaribu kama inasema kweli, halafu naandika mwongozo wa kuitumia." Nikamwambia mama mkwe wangu hakuhitaji zana. Alikuwa akikuorodheshea mwenyewe, tangu siku ya harusi, kila ulipochelewa kuinjika chungu.

Mwongozo ulitakiwa mchana uleule. Alikuwa amebakiza sentensi moja, na alikuwa akinisomea kwa mara ya pili: "Jambo lisilokuwamo kwenye orodha, wakala halikumbuki."

— Imekaa vizuri, nikamwambia. Inasikika kama ahadi.

— Ndiyo ahadi yenyewe, Bibi.

Hapo tukamwona fundi cherehani anavuka barabara. Sindano, ndivyo tunavyomwita. Tepu shingoni kama kawaida, ila simu ameishika kwa ncha za vidole, kama mtu aliyeokota panya mfu na hajui amtupe wapi. Mjukuu wangu ndiye aliyemwekea wakala kwenye simu hiyo, ili ofisi yao ipate mtu wa kweli wa kujaribia.

— Fundi, nikumiminie?

— Bado, mama. Nimemfuata mjukuu wako. Binti, naomba uniangalizie. Hii mashine yako, nikiiambia isahau, inasahau?

— Inasahau, baba. Kwani kuna nini?

Sindano hakukaa. Akasimama mbele ya jiko langu, akaeleza kwa sauti ya chini, na Redio akasogea ili asikose neno.

— Nina mteja, dada mmoja. Ninyi hammjui, hapiti huku. Alimkimbia mumewe. Siku ya kupimwa, mkono mmoja ulikuwa na bandeji, nikapima mwingine, sikuuliza. Anakoishi sasa hakuna anayekujua isipokuwa mimi, maana aliniomba nimpelekee nguo yake. Nami nikaiambia mashine, kwa sababu ndiyo inayonipangia kupeleka nguo. Usiku usingizi ukakataa. Asubuhi nikaiambia: msahau dada fulani, nikataja na jina lake kamili. Ikanijibu: nimemsahau. Basi, nikashona.

— Kesi imekwisha, akasema Hakimu.

— Haijaisha. Leo mumewe ameiandikia mashine, akamtaja kwa jina. Sikia: "Mimi ni mume wake. Nguo za mke wangu mnazipeleka wapi?"

Birika lilikuwa linachemka, nikaliteremsha. Kuna maneno hayataki kusikiwa juu ya mvuke.

— Na mashine ikamjibu nini? akauliza mjukuu wangu. Alikuwa ameshaiweka pembeni sentensi yake.

— Ikamjibu: "Sina taarifa za mtu huyo."

— Si ndiyo! Imesahau!

— Imesema haina. Mimi nina mtoto wa dada yangu, ukimwuliza sukari iko wapi anasema sina, na mdomo unametameta.

Nilicheka, nikamkumbuka shangazi yangu, mkunga. Watu walikuwa wakimwuliza mtoto wa fulani ni wa nani hasa, naye akijibu: "Mimi nilishika mtoto, sikushika maneno." Alijua yote. Kaburini amekwenda nayo yote. Nikamweleza Sindano hivyo, kumtuliza, nikaona nimemwongezea hofu.

— Hilo ndilo ninaloliogopa, mama. Kwamba inajua, na leo imenyamaza. Kesho je?

— Lete simu, akasema mjukuu wangu. Hii ndiyo kazi ya zana yangu. Hatubahatishi.

Akabonyeza. Akaandika jina la yule dada. Akatuonyesha sote, na mimi nikaangalia kwa adabu ingawa herufi kwangu ni kama sisimizi tu. Hakukuwa hata na sisimizi. Peupe.

— Hayumo, akasema, na uso wake ukalegea. Orodha ni tupu, baba. Kaa unywe kahawa.

Sindano akakaa, lakini upande mmoja tu wa tako. Kikombe nilichompa akakishika bila kukinywa. Redio alipoona nafasi, akajaza.

— Mimi nitawaambia kuhusu mashine, akasema. Mashine ni tumbo. Ulikula ndizi mwezi uliopita, leo daktari akikupasua ataiona? Haioni. Lakini iko wapi? Imekuwa shavu. Haba na haba hujaza kibaba.

— Methali hiyo inahusu nini hapa? akauliza Hakimu.

— Inahusu tumbo. Kibaba ni cha nini kama si cha chakula?

— Hukumu yangu ni kwamba umekosea. Binti, si uliwahi kutuambia kumbukumbu za mashine hizi zinakaa kwenye majumba makubwa, mbali, yenye baridi?

— Ndiyo, baba. Karibu hivyo.

— Basi pale mlangoni yuko mlinzi, na huyo ndiye wa kuulizwa. Walinzi nawajua, mimi ni mmoja wao. Kinachoingia tunakiandika. Kinachotoka, tulikuwa tumesinzia.

— Mlinzi hana kosa! Redio akapaza sauti. Kosa ni la fundi. Wiki iliyopita nilimsikia kwa masikio yangu anaiita mashine punguani mbele ya wateja. Imenuna. Inamfichia kwa makusudi. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na mashine haina guu, kwa hiyo haina sababu ya kusikia.

— Redio, wewe methali unaziokota jalalani?

— Naziokota zilipoangushwa na wenye akili.

— Nyamaza nitoe hukumu. Humo ndani ya mashine wako wawili. Mmoja anakumbuka, mwingine anaandika orodha. Kama wake wenza. Mke mkubwa anajua vitu vilipo, mke mdogo ndiye anayewapokea wageni, na wao kwa wao hawasalimiani.

Mjukuu wangu akainua kichwa.

— Hilo, baba, si mbali sana na ukweli. Sehemu inayokumbuka na sehemu inayoorodhesha si kitu kimoja. Ndiyo maana nailinganisha moja na nyingine.

Ungemwona Hakimu! Alikaa wima kama aliyevishwa joho. Redio hakuweza kuvumilia.

— Wake wenza! Sikilizeni jambo la kweli sasa. Simu ya fundi inalala wapi? Juu ya meza ya cherehani. Na cherehani inasema nini mchana kutwa? Tak-tak-tak, tak, tak-tak. Mnadhani ni kelele? Ni herufi zile za telegrafu. Cherehani inaisimulia simu kila inachokishona. Ukiiambia simu isahau, usiku cherehani inaikumbusha. Kikulacho ki nguoni mwako!

— We Redio! Sindano akaweka kikombe chini kwa nguvu hadi kahawa ikaruka. Mtu ana roho ya mwenzake mikononi, wewe unaleta cherehani inayosengenya?

— Usinifokee, ndugu yangu. Wewe nawe ni fundi gani usiyejua hata majina ya watu? Miaka yote hii mimi kwako ni Suruali ya Kiraka. Hakimu ni Koti la Sare. Juzi ulipita hapa ukauliza, "Blauzi ya Mikono Mipana amekwenda wapi?" Kumbe unamtafuta bibi!

— Mimi? nikauliza.

— Nani mwingine, mama?

Niliona haya kidogo. Blauzi ile nilikwisha kuikata matambara ya kushikia birika zamani sana. Lakini Redio alisema kweli. Sindano hajawahi kumwita mteja kwa jina. Ukimtajia mtu atatikisa kichwa hamjui. Mtajie nguo, atakwambia na mahali uzi ulipoishia. Mafundi wako hivyo. Marehemu mume wangu alikuwa kinyozi, naye watu aliwajua kwa visogo.

Tukacheka sote, hata Sindano mwenyewe. Mjukuu wangu peke yake hakucheka. Alikuwa amemkazia macho fundi.

— Baba, siku ile ulipoiambia mashine habari za yule dada, ulisemaje? Maneno yenyewe.

— Nilisema kama ninavyosema siku zote.

— Yaani?

— "Gauni la kijani la vifungo vya mgongoni, lipelekwe nyuma ya kinyozi, nyumba ya mlango wa njano, ugonge dirisha, usigonge mlango."

— Jina hukulitaja?

— Jina la nini? Nilikuwa naongea habari za nguo.

— Na asubuhi, ulipotaka isahau?

— Hapo nililitaja. Nilitaka ieleweke kwamba ni jambo kubwa.

Mjukuu wangu akarudi kwenye zana yake. Safari hii hakuandika jina la mtu. Akaiambia iorodheshe yote, akawa anapandisha kwa kidole, akisoma chini kwa chini: shati la mwalimu, pazia la sebule, suruali ya kiraka—

— Nimo! akasema Redio.

— Gauni la kijani, akasema mjukuu wangu. Akaacha kupandisha.

Lilikuwapo lote. Kinyozi, mlango wa njano, dirisha. Mashine ilikuwa imemtii fundi neno kwa neno: ilimsahau mtu, ikabaki na nguo. Na nguo ndiyo iliyokuwa na njia ya kwake.

— Ngoja, akasema. Akachukua simu yake mwenyewe, akaiandikia ile ya fundi kama mteja asiyejulikana: "Gauni la kijani mnalipeleka wapi?" Hatukusubiri hata kumaliza pumzi. Ikalia. Ilimjibu kwa heshima, na karibu mteja wetu, na maelekezo yote mpaka dirishani.

Sindano akavua tepu shingoni, akaikunja, akaikunjua.

— Kitambaa, akasema.

— Kitambaa kimefanya nini?

— Kitambaa cha kijani alikinunua mumewe. Dada aliniambia. Alikileta kwa kuwa hakuwa na kingine. Yule mwanamume hajui mlango, ila gauni analijua. Akikaa akafikiri kidogo tu, atauliza kwa gauni.

— Zima simu! akasema Hakimu. Hukumu ya haraka!

— Kuizima si kuisahaulisha, baba, akasema mjukuu wangu. Ukiiwasha itaamka na yote iliyolala nayo.

Lakini vidole vyake tayari vilikuwa kazini. Kwanza akaizuia isimjibu mtu yeyote. Kisha akalifuta lile gauni. Akaorodhesha tena, kwa jina, kwa nguo, kwa rangi, kwa kinyozi, kwa mlango. Halimo. Akaifungulia ijibu simu yake peke yake, akaiuliza kwa ujanja na kwa upole, na mara moja kwa ukali kama mwanamume aliyekasirika. Kila mara: sina taarifa.

— Kwisha, akasema Redio. Bibi, mimina.

Nikamimina. Lilikuwa linakaribia mashapo, birika. Mjukuu wangu alirudi kwenye kompyuta, kwenye sentensi yake, na nikamwona anaiangalia kama mtu anayeangalia chakula alichokipika mwenyewe na hana hakika kama chumvi alitia.

Wakati huo mwanamke akasimama mbele yetu. Hatukumwona alikotokea. Mtandio umeteremka mpaka kwenye nyusi, begi dogo la kitambaa begani, mkono mmoja anauficha ndani ya mtandio. Akaamkia.

— Shikamoo, bibi. Hamjambo.

— Marahaba, mwanangu. Karibu benchi.

Hakukaa. Akamgeukia fundi.

— Nimeona nije mwenyewe. Nimesikia anaulizauliza.

Sindano alisimama haraka hata tofali la benchi likacheza, na ndipo tukajua ni nani. Fundi akamweleza yote, bila kujificha: aliiambia nini mashine, ilibaki na nini, binti amefuta nini. Alieleza akiwa ameinamisha kichwa. Yule dada alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwuliza mjukuu wangu, kwa sauti ya kawaida tu, kama mtu anayeuliza kama duka limefunguliwa:

— Kwa hiyo sasa hainijui?

— Habari yako haimo kwenye orodha, dada.

— Nimesikia haimo. Nauliza kama haijui.

Mjukuu wangu akafungua mdomo. Nikamwona anaitafuta ile sentensi yake nzuri, ile iliyosikika kama ahadi, na anaiacha ilipo.

— Kabla ya kahawa ya kwanza, akasema, nilikuwa na hakika. Orodha ilikuwa tupu, na mashine ilikuwa inajua. Sasa orodha ni tupu tena.

— Kwa hiyo?

Mimi nililiinua birika, ili mikono iwe na kazi, nalo lilikuwa limekwisha.

— Haya, akasema yule dada. Hakukasirika. Basi leo silali pale. Nipe gauni langu.

Sindano akavuka barabara mbio, akarudi na gauni limekunjwa ndani ya gazeti. Lilikuwa zuri. Vifungo vya mgongoni vilishonwa kimoja kimoja, alivifunika kwa kitambaa kilekile. Yule dada akapitisha kidole kwenye vifungo, akatabasamu kidogo tu, kisha akasema jambo nisilolitarajia.

— Nilivitaka vya mgongoni, halafu sasa sina mtu wa kunifungia.

— Njoo, nikamwambia. Geuka.

— Hapana, bibi. Nitavaa nikifika.

— Unakokwenda yuko mtu?

— Yuko.

Hakusema nani, wala hatukumwuliza. Akalitia gauni begini, akatuaga, akaenda kwa njia ya nyuma ya duka la dawa, ambako Hakimu alimtangulia kumfungulia geti ambalo haruhusiwi kumfungulia mtu.

Simu ya mjukuu wangu ikalia. Ni mkubwa wake wa ghorofani. Nilisikia upande wake peke yake.

— Ndiyo, nimemaliza... Hapana. Haijafaulu... Inafanya kazi, ndiyo, inaorodhesha vizuri, lakini mtu anaiuliza kwa jina wakati wakala ameweka kwa nguo, na orodha inamjibu tupu bila kumwonya... Najua ni leo. Ndiyo maana nakuambia leo... Sawa, napanda.

Kabla ya kupanda akaifuta ile sentensi. Nilimwona. Akaandika nyingine, akanisomea: "Orodha inaonyesha kilichopatikana kwa neno ulilotafutia. Usiichukue kuwa ni ushahidi kwamba wakala amesahau." Nikamwambia hii haisikiki vizuri kama ile. Akasema anajua, Bibi.

Huko juu walizozana mpaka jioni, nikasikia viti vikiburutwa. Zana haikutoka wiki ile wala wiki iliyofuata. Ilipotoka, ilikuwa na kazi mpya: ukiitaka imsahau mtu, kwanza inakuuliza mtu huyo unamwita kwa maneno gani mengine, na inakuonyesha kila kinachofanana naye kabla hujafuta.

Mkitaka kujua nani alirithi nini, nitawaambia, kisha mnirudishie vikombe vyangu. Nyumba ya mlango wa njano aliirithi kinyozi, anawekea viti vyake vibovu. Wakala wa fundi alirithiwa na ofisi ya ghorofani, wakamfungua na kumpekua ndani nje. Sindano alirithi miguu yake mwenyewe: nguo anapeleka bila kumwambia mtu, na njia anazikumbuka kichwani, na bado mimi ni Blauzi ya Mikono Mipana. Swali la yule dada lilirithiwa na mwongozo. Mjukuu wangu ameliweka ukurasa wa kwanza, peke yake, na chini yake ameandika kwamba zana hii haiwezi kulijibu. Redio alirithi ile methali ya nguoni, na tangu siku hiyo anasimulia kwamba ndiyo iliyofumbua kila kitu, na hakuna anayempinga kwa sababu hatuna uhakika kama anakosea.

Na yule mwanamume alikuja. Alisimama hapo hapo ulipokaa wewe, akaagiza kahawa, akauliza habari za gauni la kijani. Yeye alimrithi shangazi yangu mkunga. Nilimwambia mimi nashika birika, sishiki maneno, nikamgeukia Hakimu, Hakimu akamgeukia Redio, na Redio, kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu, hakuwa na la kusema.